Tembe ya Tatu ya Bi Swaumu

Msiniletee mimi habari za nyumba mpya, kana kwamba upya peke yake ni sifa. Kila nikimsikia mtu anasema bomoa hili kuukuu tujenge, damu inanipanda. Sisemi nyumba mpya ni mbaya. Za Dodoma nilikuja kuziona kwa macho yangu, zimenyooka, zina madirisha, mtu anapita mlangoni bila kuinama. Nasema tu kwamba nilikaa na mwanamke aliyeambiwa avunje yake, akakataa, na tangu hapo mtu akinitajia kubomoa namwuliza kwanza, ya nani?

Mwanamke huyo ni mama mkwe wangu, Swaumu, Mrangi wa milima ya Kondoa. Alikuwa mfupi, mikono mipana, na ulimi ambao hata askari wa Wadachi walikuwa wakiuzunguka kwa mbali. Hakuwa mke wa mtemi wala mganga wa mvua. Alikuwa mjane wa mchuuzi, anawapa wapagazi pa kulala na chakula cha jioni. Mimi ni Tabu, Mgogo wa papa hapa Chigombwe, niliyeolewa na mwanawe wa pekee, Msafiri. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nililia sana kwa ajili ya ulimi ule, mwaka wa pili nikaanza kucheka, na mwaka wa tatu nilikuwa nao wangu.

Mumewe, marehemu Halfani, alikuwa akichuuza chumvi na majembe kwenye njia ya misafara. Nyumba yao ya kwanza waliijenga mbele ya Mpwapwa. Wadachi walipokuja na bunduki zao, wakagombana na watemi wetu juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita njia, na nafaka, askari wakapita njia nzima wanachoma. Nyumba ya Swaumu haikuwa imegombana na mtu yeyote, ikachomwa vile vile. Alitoka na Msafiri mgongoni na chungu kichwani. Ya pili wakaijenga mbele zaidi. Hapo ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, nzige wakala uwele wote, kisha msafara mmoja ukaleta ndui. Alizika watoto wawili nyuma ya nyumba ile. Wakahama, wakaiacha inapigwa na upepo, na mpaka uzee wake hakupenda kupita njia ya upande ule.

Ya tatu ndiyo hii ya Chigombwe. Ilikuwa tembe kubwa ya paa bapa la udongo, imezunguka ua kwa pande zote nne. Upande mmoja walilala wageni, upande mmoja ndama na mbuzi, upande mmoja akiba ya nafaka, na upande wa mwisho sisi. Nguzo zilikuwa mpingo mtupu. Halfani alizikata milimani akazikokota kwa ng'ombe kiangazi kizima, na watu walimcheka, wakasema Mrangi huyu anajenga boma la Wadachi. Mchwa walikuja, wakaonja, wakaenda zao. Swaumu mwenyewe alikanda udongo wa paa akiwa na mimba ambayo iliharibika baadaye. Nyumba ilipokwisha alimwambia Halfani kwamba yeye sasa amechoka kuwa mgeni duniani. Halfani alikufa miaka michache kabla ya haya ninayoyasimulia, tukamzika upande wa jua linapochomoza, na mjane akaendelea kupokea wageni.

Na wageni walikuwepo, jamani. Nyie mnaoiona Chigombwe ya leo hamwezi kuamini. Visima vyetu ndivyo vilivyokuwa na maji matamu, kwa hiyo kila msafara wa Tabora ulilala hapa. Uani kwetu ungekuta Mnyamwezi na pembe zake, Mswahili wa pwani na vitambaa vyake, watu wanapika, wanagombana, wanacheza bao. Sokoni ungepata kila kitu mpaka samaki mkavu wa ziwani. Kisha reli ikafika Dodoma. Hatukupigwa vita, hatukupatwa na njaa. Watu waliacha tu kuja. Mizigo iliyokuwa ikitembea juu ya vichwa vya watu mia mbili ikaingia kwenye behewa moja, na behewa halinywi maji ya kisimani. Wachuuzi wa pwani ndio walioondoka kwanza, kisha wahunzi, kisha vijana wetu waliokwenda kubeba vyuma vya reli, Msafiri wangu akiwa mmoja wao. Tembe isiyo na moto ndani wala mtu wa kuikwea paani haichukui muda. Masika mawili tu udongo unaoza, fito zinalegea, mbuzi anatumbukia ndani. Karibu nusu ya Chigombwe ikawa hivyo.

Ndipo akaja Bwana Shauri, mkuu wa boma la Dodoma, Mdachi mwenyewe, na mkalimani wake. Tukakusanywa. Tukaambiwa Chigombwe imekwisha, serikali haitaki watu wakae kwenye magofu, wanazalisha panya na maradhi. Watu wote wahamie Dodoma, kwenye mtaa mpya uliopimwa kwa kamba, nyumba zote zikitazama upande mmoja. Na kwa kuwa miti ya karibu na Dodoma ilikuwa imekatwa kulisha magari ya moshi, kila mtu abomoe tembe yake, nguzo zipelekwe huko zikajenge nyumba mpya. Yote yawe yamekwisha kabla ya mvua. Jumbe atasimamia.

Jumbe wetu alikuwa Matonya, mtu mkubwa wa umbo, mpole wa sauti. Alikuwa wa ukoo wenye nchi hii tangu zamani, na Wadachi wakamwekea kofia juu ya heshima aliyozaliwa nayo. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyeona mtemi mmoja akinyongwa alipokuwa kijana, na tangu hapo hakupenda kusema hapana. Yeye na Swaumu walikuwa watani, Mgogo na Mrangi, hawakuweza kukutana bila kutukanana. Akimwona humsalimu kwa Kigogo, mbukwa, mla panya wa Kondoa, naye hujibiwa kwamba nyama ya panya ni tamu kuliko uso wa Mgogo. Hata hivyo siku ile hakuna aliyetania. Matonya alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake akaanza kubomoa paa la tembe yake mwenyewe, ili watu waone. Wake zake wakalala chini ya ngozi za ng'ombe, na nguzo zikalundikwa kando ya njia zikisubiri gari.

Baada ya yeye kufanya hivyo, nani angekataa? Watu wakashika mashoka. Kila siku tulisikia paa likianguka, mara huku, mara kule, na vumbi linasimama. Swaumu alikaa mlangoni anapeta uwele kama vile hasikii.

Msafiri alikuja siku hizo kutoka Dodoma, uso umenawiri. Amepewa kiwanja karibu na stesheni, kwa sharti alete nguzo kabla ya mvua, la sivyo anapewa mwingine. Alimsalimu mama yake shikamoo, akakaa, akaeleza yote vizuri. Mimi nilimsikiliza mume wangu na moyoni nikawa upande wake, maana nilikuwa nimechoka kulala naye mara moja kwa mwezi, na kusema kweli nililitaka dirisha la nyumba ile mpya. Akamwambia mama yake kwamba misafara imekufa, haitafufuka, nyumba ya wageni bila wageni ni zizi tu. Hakuna alilosema ambalo lilikuwa uongo. Swaumu alimwacha amalize. Alipomaliza akaendelea kupeta, kisha akasema:

“Ya kwanza walinichomea. Ya pili nikaikimbia mwenyewe. Hii wanataka niibomoe kwa mkono wangu, kisha nibebe mifupa yake kichwani niwapelekee. Sasa wewe niambie, mwanangu, ya nne watanitaka niifanyeje?”

Msafiri akasema tu kwamba atarudi na gari la ng'ombe, na kwamba amri si yake. Mama yake akamjibu kwamba anajua, wala hamlaumu, ila nguzo zile hazikukatwa na Bwana Shauri. Akaingia ndani. Jioni ile aliniambia nimletee ngazi.

Alipanda paani akalitazama. Lilikuwa limechakaa kweli. Upande wa wageni ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono, fito za kona zimeoza. Akasema tutalikandika upya lote. Nikamwambia, mama, sisi na nani? Maana paa la tembe si kazi ya watu wawili. Ukikandika sehemu leo na sehemu kesho, udongo haushikani, mvua ya kwanza inaingia pale pale palipoungwa. Lazima limalizike siku moja, kwa mikono mingi. Na mikono mingi haipatikani bila wito.

Wito, kwa ambao hamkulelewa huku, ni hivi. Mtu mwenye kazi nzito anapika kinywaji, majirani wanaitwa, wanakunywa, wanafanya kazi. Wagogo tunapika pombe. Swaumu, kwa kuwa ni Mwislamu, alipika togwa ya uwele, tamu, isiyolewesha, na watu walikuwa wakimtania kwamba kwake ndiko mtu anakofanya kazi akili zikiwa timamu, aibu iliyoje. Kinywaji cha wito kina masharti yake. Kibuyu cha kwanza ni cha mkubwa wa mahali, na yeye akinywa ndiye anayeweka udongo wa kwanza. Hakuna anayetangulia. Na kila aliyekunywa amejifunga na nyumba ile. Paa limekuwa kazi ya mikono yake. Akigeuka akalibomoa, hakuna atakayemwita tena kazini, hakuna atakayekwenda kwake akiwa na kazi, hata akifiwa watu watachelewa. Mtoto wa Kigogo analijua hilo kabla hajajua kuchunga.

Swaumu akaloweka uwele. Watu wakamwona anatwanga kimea, wakajua. Wakaanza kupita mbali na mlango wetu, si kwa chuki, kwa woga. Maji nayo yalikuwa taabu. Ulikuwa ule mwezi wa mwisho wa kiangazi, visima vimeshuka, mwanamke anachota nusu siku apate mtungi mmoja. Udongo wa paa zima unataka mitungi isiyohesabika. Mimi na yeye tulichota mpaka viganja vikachubuka, na maji ya pipa hayakufika hata nusu. Nilimwambia waziwazi kwamba hatutaweza. Akaniambia niende nikalale.

Asubuhi ya wito jua lilitoka hakuna mtu. Togwa ipo, vibuyu vimepangwa, udongo umelundikwa mkavu, na sisi wawili tumesimama kama watu waliokosea siku ya harusi. Nilimwonea huruma. Kisha tukamwona Yudith anakuja, jirani yetu wa upande wa kisimani, mwanamke aliyebatizwa misheni ya Buigiri, mtungi kichwani. Nyumba yake ilikuwa imeshabomolewa, mizigo imeshafungwa. Alikuja akamwaga mtungi wake kwenye udongo, bila salamu. Swaumu akamuuliza kama haogopi. Yudith akasema anaogopa sana, lakini ndui ilipomkamata hapa hapa Chigombwe, ni mkono gani uliomlisha uji? Akarudi kuleta mtungi wa pili.

Nadhani ni ule mtungi, ukipita katikati ya kijiji mchana kweupe, uliowatia watu haya. Wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kila mmoja na maji aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya watoto wake. Waume zao wakaja nyuma wakijitia kama wanapita tu. Wakasimama uani. Hakuna aliyegusa kibuyu, kwa sababu mkubwa wa mahali hajanywa, na mkubwa wa mahali kila mtu alijua yuko upande gani.

Basi Matonya akatokea. Alikuja na wanaume wenye mashoka, na nyuma yao mume wangu Msafiri anaongoza gari la ng'ombe lililo tupu. Ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Watu wakagawanyika kuwapisha. Nilimtazama Msafiri, akaangalia kwato za ng'ombe.

Swaumu alikuwa juu ya ngazi. Akashuka polepole, akajifunga kanga vizuri, akachota togwa kwenye kibuyu cha kwanza. Akaenda mpaka mbele ya jumbe akapiga magoti, yeye mwenye magoti mabovu, akakinyoosha kibuyu kwa mikono miwili. Hakumwita mtani, hakumtukana. Mbuzi walisikika wanacheua.

Jamani, angeweza kukataa. Angesema, sikuja kwa wito, nimekuja kwa amri. Hapo hakuna ambaye angemlaumu, na mimi ningekuwa nimezeekea Dodoma. Matonya alikitazama kibuyu. Akalitazama paa. Akawatazama watu wake, wanawake wenye mitungi mitupu. Kisha akavua ile kofia ya Wadachi, akampa mtu amshikie, akapokea kibuyu akanywa. Wala hakuonja akarudisha. Alikunywa tukiona koo lake linapanda na kushuka mpaka kibuyu kikaisha. Akajifuta midomo, akainama, akachota udongo kwa viganja viwili, akapanda ngazi akaupiga pale penye ufa.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa Msafiri wakashtuka. Wale wenye mashoka wakayaegemeza ukutani, wakafuata vibuyu. Swaumu akamletea mwanawe cha kwake. Msafiri akasema kwa sauti ya chini kwamba akinywa, kiwanja kimekwenda. Mama yake akamwambia asinywe basi, hakuna anayemlazimisha, apumzishe ng'ombe kivulini kabla hajaondoka. Akaondoka kweli, gari tupu, hakuniaga hata mimi. Nilikanda udongo siku ile huku nalia, na watu wakadhani ni furaha.

Jua lilipozama paa lilikuwa limekwisha, laini, limesawazishwa kwa viganja. Matonya alikaa mpaka mwisho, udongo mpaka nyusini, akaanza utani tena. Akamwambia Swaumu kwamba togwa yake ina ladha ya maji ya kuogea. Wote tulicheka kuliko neno lenyewe lilivyostahili, kwa sababu tulikuwa tunajua haitaishia hapo.

Haikuishia. Habari zilifika Dodoma kabla udongo haujakauka. Matonya akaitwa bomani. Akaenda peke yake, kwa miguu, na kofia yake mkononi.

Alirudishwa kwenye gari la ng'ombe. Lile lile lililokuja kuchukua nguzo zetu, na anayeliongoza ni Msafiri. Matonya amelala kifudifudi juu ya majani, mgongoni amefunikwa kaniki, na kaniki imegandamana na damu. Walikuwa wamempiga kiboko, ile hamsa ishirini yao, viboko ishirini na tano, mtu mzima, jumbe, mbele ya vibarua wa reli. Msafiri alikuwa mmoja wa vibarua hao. Ndiye aliyetusimulia. Alisema Bwana Shauri aliuliza kwa nini jumbe ameitengeneza nyumba aliyoamriwa kuibomoa, na Matonya akajibu kwamba amekunywa kinywaji cha nyumba ile, basi itafutiwe mtu mwingine wa kuibomoa. Akaulizwa ni nani wengine waliokunywa. Akasema alikunywa peke yake.

Kijiji kizima kilikuwa kimekunywa.

Swaumu alisikia yote amesimama kando ya gari. Tulimbeba Matonya mpaka kwake, yaani kuta nne zisizo na paa na ngozi za ng'ombe zimetandazwa juu. Wake zake wakamlaza. Swaumu akachuchumaa karibu na kichwa chake.

“Mtani,” akasema, “nimekuponza.”

“Hukuniponza,” Matonya akasema. “Nilikuwa nakijua kilichomo kibuyuni.”

Aliposema hivyo mama mkwe wangu alilia. Mwanamke aliyezika watoto wawili na mume bila kutoa machozi mbele za watu alilia kwa sauti, kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akajipangusa, akanyanyuka, akatoka nje pale nguzo za Matonya zilipokuwa zimelundikwa kando ya njia. Akashika moja, nzito kumzidi, akaanza kuikokota kuirudisha. Msafiri akaushika upande wa pili. Mimi nikashika inayofuata.

Na hapa ndipo ninapowaambia watu, kila wakinibishia. Hapakupikwa kitu. Hakuna aliyeita wito, hakuna kibuyu kilichozungushwa. Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango, mapaa yote ya Chigombwe yalikuwa na watu juu yake. Wengine wanarudisha fito, wengine wanakanda, Yudith amefungua mizigo yake ameitandaza juani na yuko paani anampigia mumewe kelele kwamba udongo ni mwembamba. Mpaka yale magofu ya wachuuzi wa pwani, watu waliyaingia wakaanza kuyafagia, maana waliona fito zake bado zinafaa. Ya kwanza kumalizika ilikuwa nyumba ya jumbe, paa likapita juu ya kichwa chake akiwa amelala chini yake, anatuelekeza na kututukana.

Askari walifika tukiwa katika hali hiyo. Kundi zima na ombasha, mkubwa wao, bunduki begani na mashoka mkononi, wametumwa kuibomoa nyumba ya Swaumu kwa kuwa jumbe ameshindwa. Tuliwaona wanakuja, hakuna aliyeshuka. Ombasha akasimama katikati ya kijiji akazungusha macho. Alikuwa ametumwa kwenye gofu moja lenye mwanamke mkaidi, akakuta mji unajengwa.

Akauliza nyumba ya Swaumu ni ipi. Mwenyewe akamwonyesha kwa kidole chenye udongo. Alikuwa juu ya paa la Matonya, hakuteremka.

“Ile pale,” akasema. “Bomoa. Ukimaliza panda kwenye ya pili, kisha ya tatu. Sisi tutakuwa nyuma yako tunajenga. Tutaona atakayetangulia kuchoka.”

Ombasha alimtazama sana. Sijui alikuwa anafikiri nini. Na yeye alikuwa Mwafrika kama sisi, labda na yeye ana mama mahali. Akawatuma askari wawili. Wakaiendea nyumba yetu, wakaanza na nguzo ya kona ya upande wa wageni. Shoka likagonga mpingo likarudi. Wakachimba chini, wakasukuma, wakatukana, jua linawawakia utosini, maji hawana, na hapana mtu aliyewapa. Kwa taabu kubwa wakaing'oa ile moja. Paa likainama kidogo pale kwenye kona, lakini halikuanguka. Ombasha akalitazama paa, akazitazama nguzo zilizobaki, akatutazama sisi juu huko. Akawaambia askari wake yatosha, nguzo hiyo ichukuliwe Dodoma, Bwana Shauri aone kwamba amri imefuatwa. Wakaibeba begani kama wanabeba maiti, wakashika njia.

Nilifikiri Swaumu sasa ataanguka, maana alikuwa anaitazama nguzo ya Halfani inakwenda. Aliitazama mpaka ilipopinda nyuma ya miiba. Kisha akashuka, akavuka njia, akaenda mpaka kwenye ile kona. Tukamfuata wote, Msafiri mbele. Shimo lilikuwa wazi, bichi.

Akalichungulia, akasema, “Leteni nyingine.”